Goroli Moja, Njia ya Katikati

Watu wengi wa rika langu tuliufahamu mchezo wa pinboli kabla hatujajua kwamba una jina. Ulikuwa ndani ya kompyuta zilizotumia Windows XP, katika orodha ileile yenye michezo ya karata, na ndio uliotuliza watu katika vibanda vya intaneti pale mtandao ulipokatika na mwenye kibanda akakataa kurudisha fedha za nusu saa iliyokwisha kulipiwa. Mwaka 2006, mwaka wa mgawo mkali wa umeme, kaka yangu alikuwa akisimamia kibanda kimoja mjini Morogoro, nami nilikuwa nikipita hapo kila nilipotoka shule, jenereta likinguruma uani, kumwomba anipe mashine yoyote iliyokuwa haina mteja. Herufi Z iliamrisha kibawa cha kushoto, alama ya mkwaju ikaamrisha cha kulia, na kitufe kirefu cha chini kilivuta springi ya kurushia goroli. Nilikibonyeza kitufe cha Z kwa bidii kiasi kwamba kiling'oka siku moja na kubaki mkononi mwangu, na kaka alikatwa fedha yake kununua kibao kipya cha herufi.

Nalieleza hili mapema ili msomaji ajue nilikiendea kwa upendeleo gani kile ninachotaka kukizungumzia, ambacho ni filamu iitwayo Pinball: The Man Who Saved the Game. Ilioneshwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu mwaka 2022 na kutoka rasmi Machi 2023, chini ya waongozaji wawili ambao ni ndugu, Austin Bragg na Meredith Bragg. Inasimulia maisha ya Roger Sharpe, mwandishi wa Kimarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1948, akajifunza pinboli alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, kisha akahamia New York na kugundua kwamba katika jiji lile kubwa, lenye kila aina ya burudani halali na haramu, mchezo anaoupenda umepigwa marufuku. Mike Faist anamwigiza Roger akiwa kijana, na Dennis Boutsikaris anamwigiza akiwa mtu mzima anayekaa mbele ya kamera na kuhojiwa.

Kwa asiyewahi kuiona mashine yenyewe, nieleze kidogo. Ni meza ndefu yenye miguu minne, imefunikwa kioo, na uso wake umeinama kuelekea kwa mchezaji kwa nyuzi sita na nusu hivi. Goroli ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hurushwa juu kwa fimbo yenye springi, kisha hushuka yenyewe ikigonga vizuizi vya mpira, vilengwa na kengele, kila kigongwacho kikimwongezea mchezaji alama. Chini kabisa, katikati, kuna pengo, na goroli ikitumbukia pale imekwenda. Kinachomwezesha mchezaji kuizuia ni vibawa viwili vidogo anavyoviamrisha kwa vitufe vya ubavuni, pamoja na uhuru mdogo wa kuisukuma meza kwa nyonga au viganja, mradi asizidishe, kwa maana ndani yake kuna kifaa kinachohisi mtikisiko na kuzima kila kitu. Kwa mtazamaji wa kando huonekana kama goroli inajiendea tu na mchezaji anababaika na vitufe. Mzoefu lakini huidaka goroli kwenye kibawa, huituliza, huiachia iteremke taratibu, na huipiga ikiwa imefika mahali alipopachagua, akijua kwamba tofauti ya milimita chache itaipeleka njia nyingine kabisa.

Hapo ndipo ulipo mgogoro mzima wa filamu, na ulikuwa pia mgogoro wa kisheria: je, huu ni mchezo wa ustadi au wa kubahatisha? Sisi katika Kiswahili tumebahatika kuwa na maneno yanayoitenga mipaka hiyo bila shida. Sheria zetu husema "michezo ya kubahatisha" na kila mtu anaelewa kuwa zinazungumzia kasino, bahati nasibu na mashine zile za mitaani ziitwazo dubwi. Hakuna mzee wa Zanzibar atakayekubali bao liingizwe humo, kwa kuwa kete zote 64 ziko wazi mbele ya wachezaji wawili na anayeshindwa ameshindwa kwa akili yake mwenyewe. Ugumu wa pinboli ni kwamba iko katikati, na kwa miaka mingi ilisogea kutoka upande mmoja kwenda mwingine huku sheria ikiwa imesimama palepale.

Historia yake kabla ya marufuku naweza kuipitia haraka. Ilitokana na mchezo wa meza wa Kifaransa uitwao bagatelle. Mwaka 1871 Montague Redgrave wa Cincinnati alipata hataza ya fimbo ya springi iliyochukua nafasi ya kijiti cha kusukumia goroli. Mwaka 1931, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, David Gottlieb wa Chicago alitoa mashine iliyoitwa Baffle Ball, ambayo kwa senti moja ilimpa mtu asiye na kazi dakika chache za kusahau shida zake, na mashine hizo zikaenea katika baa, maduka ya dawa na vinyozi. Baadhi ya zilizofuata zilitoa sarafu kwa mshindi. Penye sarafu zinazotoka hapakosi wenye mabavu wanaotaka fungu lao, na ikawa hivyo.

Fiorello La Guardia, meya wa New York kuanzia 1934 hadi 1945, alizichukia mashine hizo kwa moyo wote. Alishawahi kupigwa picha akizivunja mashine za kamari kwa nyundo kabla ya kuigeukia pinboli, na hoja yake ilikuwa kwamba zinawanyang'anya watoto wa shule fedha walizopewa na wazazi kwa ajili ya chakula cha mchana. Mnamo Januari 1942, wiki chache baada ya shambulio la Pearl Harbor lililoiingiza Marekani vitani, alipata alichokitaka: mashine zikapigwa marufuku jijini, polisi wakaingia maduka kwa maduka, na katika wiki za mwanzo tu wakakamata zaidi ya 2,000. Zilivunjwa kwa nyundo. Chuma na shaba zikasemekana zinahitajika vitani, maelezo ambayo wakati ule hakuna aliyeweza kuyapinga bila kuonekana msaliti.

Ni rahisi kumcheka La Guardia, na filamu inamcheka kidogo, lakini mimi nadhani mwaka 1942 hakuwa amekosea sana. Mashine alizozivunja hazikuwa na vibawa. Mchezaji alivuta springi, akaachia, kisha akabaki kuisukumasukuma meza na kusali. Vibawa vilikuja mwaka 1947 katika mashine ya kampuni ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty, iliyobuniwa na Harry Mabs, ikiwa navyo sita vilivyopangwa pembezoni. Mwaka uliofuata Steve Kordek alionesha kwamba viwili tu, vikiwekwa chini kabisa, vinatosha. Kuanzia hapo pinboli ikawa kitu kingine. Sheria lakini ilikuwa imeshaandikwa kwa ajili ya kile cha zamani, na kwa miaka 34 hakuna aliyeona sababu ya kuifungua tena. Jambo hili halitushangazi sisi ambao tumewashuhudia viongozi wetu wakikataza mchezo wa pool saa za kazi, kana kwamba ile meza ya kijani ndiyo iliyowaondolea vijana ajira.

Turudi kwenye filamu. Roger anawasili New York akiwa hana kazi ya maana, na kitu pekee anachojiamini nacho ni pinboli. Anazipata mashine chache zilizofichwa katika duka lisilo la heshima, anaanza kwenda huko kila siku, mpaka polisi wanapovamia na kuzivunja mbele ya macho yake. Baadaye anapata kazi katika gazeti la mitindo ya wanaume la GQ, anakutana na Ellen, mchoraji anayemlea mwanawe peke yake, na anaanza kuandika kuhusu mchezo huo, kazi iliyozaa kitabu chake cha mwaka 1977 chenye picha za James Hamilton. Wafanyabiashara wa mashine za muziki na burudani, waliokuwa wakiisaka njia ya kuiondoa marufuku, wanamwona ndiye shahidi anayefaa: si mfanyabiashara, ana maneno mazuri, na anacheza vizuri kuliko karibu kila mtu waliyemfahamu. Yeye anasita, kwa kuwa anajua wazi kwamba wanatafuta faida yao.

Kilichonifanya niitazame mara ya pili si kisa chenyewe bali namna kinavyosimuliwa. Roger mzee anahojiwa na waongozaji wasioonekana, na mara kwa mara anaisimamisha filamu yake mwenyewe. Wao wanataka msisimko. Yeye anawaambia haikuwa hivyo. Wao wanataka waharakishe wafike kwenye pinboli. Yeye anataka kumzungumzia Ellen. Nimechoshwa na filamu za maisha ya watu ambamo kila tukio limekuzwa hadi liwe kubwa kama jengo la ghorofa, na mhusika hatamki sentensi isiyofaa kuchongwa kwenye jiwe. Hapa tunaye mzee mwenye masharubu mazito, masharubu yanayotaniwa mwanzo hadi mwisho na yanayostahili utani huo, ambaye anakataa kufanywa shujaa zaidi ya alivyokuwa.

Udhaifu upo. Bajeti ndogo inaonekana, na New York ya miaka ya 1970, ambayo sote tumeijua katika filamu kuwa chafu, yenye kelele na hatari, hapa imekuwa safi na tulivu kama mtaa wa maonesho. Mapenzi ya Roger na Ellen ni mazuri, ila kuna vipande viwili vitatu ambavyo niliona vinarudia kilichokwisha kusemwa. Faist anamwigiza kijana asiyejiamini kwa ustadi mkubwa, mabega yamekunjamana, macho yanakwepa, hadi anapoishika meza, na hapo mwili wote unanyooka. Nadhani mabadiliko hayo ya mwili, yasiyo na neno hata moja, yanaeleza zaidi kuliko mazungumzo yote ya ofisini kwa nini mtu anaweza kuupenda mchezo kiasi hicho.

Kisha linakuja tukio ambalo filamu nzima imelijengea njia. Aprili 1976, mbele ya kamati ya Baraza la Jiji la New York, Sharpe anatoa ushahidi. Zimeletwa mashine mbili, moja ya kuchezea na nyingine ya akiba endapo ya kwanza itaharibika. Diwani mmoja, mtu wa shaka, anahisi kwamba ile ya kwanza huenda imefanyiwa hila, na anaamuru itumike ya akiba, ambayo Sharpe hakuizoea kama ile nyingine. Anacheza, anaeleza, anaonesha kwamba anaweza kuipeleka goroli anakotaka. Madiwani hawaoneshi kuguswa. Ndipo anapofanya jambo ambalo hakuna mwanasheria angemshauri: anatangaza kwamba goroli inayofuata itapita katika njia ya katikati miongoni mwa zile zilizo sehemu ya juu ya meza, na kwamba asipoweza, basi wahesabu huu kuwa mchezo wa kubahatisha. Anaivuta springi, anaiachia. Goroli inapanda, inageuka, inashuka katika njia ya katikati.

Kamati ilipiga kura kuondoa marufuku.

Nimelifikiria tukio hili kwa muda mrefu kuliko linavyostahili, na kila ninavyolifikiria ndivyo linavyonishangaza. Hoja nzima ya watetezi wa pinboli ilisimama juu ya vibawa. Waliosema kwamba mchezo umebadilika tangu enzi za La Guardia walimaanisha vibawa, na kama kuna ustadi wa kuuonesha hadharani, basi ni ule wa kudaka, kutuliza na kulenga. Pigo lililoimaliza kesi lakini halikuhusu kibawa chochote. Sharpe alitumia fimbo ya springi, chombo cha mwaka 1871, kitu kilekile kilichokuwamo katika mashine zilizovunjwa kwa nyundo mwaka 1942. Kama ule ulikuwa ustadi, basi La Guardia alivunja mashine za ustadi. Na kama haukuwa ustadi, basi baraza lilishawishiwa na bahati. Sharpe mwenyewe amekiri zaidi ya mara moja, kwa unyenyekevu na kwa kucheka, kwamba bahati ilikuwamo. Anayeijua fimbo ile anajua kuwa mkono uliozoea hupunguza makosa, lakini kwenye mashine usiyoizoea, kwa goroli moja tu, mbele ya watu wanaosubiri ukosee, hakuna mkono unaoweza kuahidi.

Naomba nisieleweke vibaya: simwoni kama mlaghai. Alikuwa ameshatoa ushahidi wa kweli kwa vibawa, na haukuwagusa wasikilizaji, kwa sababu mtu asiyecheza hawezi kuutofautisha ustadi wa vibawa na kubabaika kwa vitufe, kama nilivyosema pale juu. Walichohitaji kukiona ni mtu anasema kabla kisha jambo linatokea. Utabiri unaeleweka hata na diwani. Kwa hiyo aliwaonesha jambo lenye bahati nyingi ili waamini jambo lenye bahati kidogo, na nashindwa kupata njia nyingine ambayo ingewafikia siku ile. Ukiongezea kwamba New York ilikuwa imeponea chupuchupu kufilisika mwaka uliotangulia, na kwamba mashine halali hulipiwa leseni, inawezekana pia kura zile zilikuwa zimeiva kabla goroli haijarushwa. Hilo la mwisho ni dhana yangu, na filamu haina haja nalo.

Jina la filamu, ambalo maana yake ni "Mtu Aliyeuokoa Mchezo", ndilo pekee ambamo Roger mzee hakupewa nafasi ya kukatiza. Mahakama ya Juu ya California ilikuwa imeshaitengua marufuku ya Los Angeles mwaka 1974, miaka miwili kabla, bila mtu yeyote kurusha goroli. Chicago, mji ambamo karibu mashine zote zilikuwa zikitengenezwa na ambao nao uliwapiga marufuku wakazi wake wasizicheze, ulilegeza baadaye katika muongo huohuo. Na mchezo uliookolewa haukupata muda mrefu wa kupumua, kwa kuwa mwaka 1978 ulikuja Space Invaders, mwaka 1980 ukafuata Pac-Man, na sarafu za vijana zikahamia kwenye vioo vya video. Pinboli ilinyanyuka tena, hasa mwaka 1992 ilipotoka mashine ya The Addams Family iliyouzwa zaidi ya 20,000, kisha ikaanguka tena. Mwaka 1999 kampuni ya Williams, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilifunga kabisa kitengo chake cha pinboli. Sharpe alikuwa ndani ya yote hayo. Alishiriki kubuni mashine kadhaa, akafanya kazi ya kutafuta haki za kutumia majina ya filamu na vipindi maarufu kwenye mashine, akamwoa Ellen, na wanawe Josh na Zach wakakua kuwa miongoni mwa wachezaji wanaotajwa zaidi duniani na waendeshaji wa chama kinachopanga viwango vya wachezaji. Ukiniuliza mimi, nitasema kazi hiyo ya miaka arobaini na zaidi, isiyo na diwani wala kamera, ndiyo iliyoushikilia mchezo, lakini sijui ni mwongozaji gani angeweza kuitengenezea kilele.

Miezi michache baada ya kuitazama filamu, nilipelekwa Hamburg kwa mafunzo ya wiki mbili, na katika baa moja karibu na tulipolala nilikuta mashine ya zamani imesimama kando ya mlango wa choo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuigusa. Jambo la kwanza lililonishtua ni uzito wake: ile ya kwenye kompyuta haikuwa na uzito wowote, nayo hii, hata nilipoiegemea kwa nyonga, haikujali. La pili ni kelele, kengele za kweli zinazogongwa na nyundo za kweli, unazisikia kwenye viganja kabla hazijafika masikioni. Juu ya meza palikuwa na njia tatu. Wenzangu walikuwa mbali, mwenye baa alikuwa akifuta bilauri, na hapakuwa na mtu wa kunicheka, kwa hiyo nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Katikati," nikavuta springi.

Ilipita kushoto. Niliendelea hadi sarafu zikaniishia, na kwa hesabu yangu nilirusha goroli ishirini na saba. Mbili zilipita katikati, na zote mbili nilikuwa nimesahau kutangaza.